Kupeleleza besi Naivasha kabla ya masika: migunga, kreta au mafunjo?

Anayetoka Nairobi akiwa na siku moja tu ya kulichunguza Ziwa Naivasha kabla ya Pasaka, ili ajue pa kumvua samaki aitwaye besi, ana sehemu tatu za kuchagua, na siku moja haizitoshi zote. Kuna migunga iliyozama upande wa kusini, kuanzia Karagita kuelekea Kamere. Kuna kreta (shimo la volkano) ya Crescent Island upande wa mashariki, penye kina kirefu kuliko kwingine kote ziwani. Kuna mafunjo ya kaskazini, inakoingilia mito ya Malewa na Gilgil. Ziwa lenyewe hupanuka na kusinyaa kufuatana na mvua, ila kwa kawaida huzidi kilomita za mraba 100. Boti ya kukodi ikizurura humo itakumalizia petroli kabla hujajua lolote.

Kazi ya siku ya upelelezi ni kulipunguza ziwa. Unatafuta sehemu mbili au tatu za kurudi na wenzako siku ya kuvua kwenyewe, na unafuta kwenye ramani zile zisizo na kitu. Kwa hiyo usiulize kwanza wapi kuna samaki wengi. Uliza ni wapi utajua mengi zaidi ndani ya saa tano au sita za maji matulivu. Jibu letu kwa ufupi: kusini kwanza, kreta baadaye, na kaskazini uache mpaka upate siku ya pili. Sababu zake ni ndefu kidogo.

Machipuko ya wenzetu na masika yetu

Besi wa mdomo mkubwa si samaki wa hapa. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na ndiyo maana ushauri mwingi utakaousoma juu yake umeandikwa na watu wanaovua kwenye nchi za baridi. Katika ziwa kubwa kama Guntersville, Alabama, mwanzo wa machipuko maji huwa bado yako nyuzi 8 au 10 za Selsiasi, halafu hupanda taratibu. Besi aliyejibanza kina kirefu wakati wa baridi husogea kwenye kingo za mteremko karibu na vihori atakamotaga, na hutaga maji yakifika nyuzi 16 hadi 21 hivi. Mvuvi wa kule hutembea na kipimajoto. Huanza na vihori vya upande wa kaskazini kwa sababu jua lao hupitia kusini na kuvipasha mapema, na tofauti ya nyuzi mbili kati ya kihori na kihori yatosha kumwambia aende wapi.

Ukiubeba ushauri huo hadi Naivasha utapotea. Ziwa hili haliko hata digrii moja kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,890 hivi. Mwezi Machi jua la mchana liko utosini, na hakuna ufuo unaopendelewa. Maji ya juu hukaa kati ya nyuzi 20 na 25 kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo hakuna baridi ya kuwafungia besi msimu wa kutaga, wala hakuna siku ambayo wote watasogea ufuoni kwa pamoja. Kipimajoto kibaki nyumbani.

Kazi ambayo joto hufanya kule, huku hufanywa na kimo cha maji na uwazi wake. Januari na Februari Malewa, ambao ndio huliletea ziwa sehemu kubwa ya maji, hupungua. Tope hutua na ziwa hushuka polepole. Maji yakishuka, besi hutoka kwenye nyasi za ufuoni na kukaa kwenye mstari wa kwanza wa nje wenye kitu cha kujificha: shina, jiwe, ukingo wa magugu. Mvua ikianza kunyesha Nyandarua, unakotoka Malewa, kwa kawaida katikati ya Machi kwenda Aprili, mambo hugeuka. Maji hupanda, nyasi changa huzama, na besi huingia ndani kabisa kufuata vifaranga vya tilapia, wadudu na krefishi, aina ya kamba.

Hapo ndipo penye uchaguzi wa tarehe. Kati ya katikati ya Februari na wiki ya kwanza ya Machi, samaki wamebanwa mahali pachache na panapoonekana, maji yako safi, na ulichokiona kitabaki kweli hadi mvua ianze. Aprili huenda samaki wa ufuoni wakawa wengi zaidi, lakini wametawanyika kwenye nyasi ambamo boti haiingii, maji ya kaskazini ni ya rangi ya chai ya maziwa, na alama ulizoweka Jumamosi hii zinaweza kuwa bure Jumamosi ijayo kwa kuwa maji yamepanda nusu mita. Kwa upelelezi, Februari inashinda waziwazi. Kwa kuvua, Aprili inaweza kukulipa vizuri ikiwa tayari unalijua ziwa.

Kujua kama maji yanapanda au yanashuka hakuhitaji chombo. Tazama shina la mgunga pale maji yanapoishia. Ukiona utepe mweusi wenye unyevu na ukoka mkavu wa mwani juu ya maji, ziwa linashuka. Ukiona nyasi za kijani zimesimama chini ya maji, majani bado hayajaoza, linapanda. Tazama hilo kabla hata ya kuwasha injini, kwa maana ndilo litakalokuambia uanzie mstari wa ndani au wa nje.

Migunga ya kusini

Ziwa lilipopanda kwa kasi tangu mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020, lilimeza ufuo wenye migunga ya manjano, na miti mingi ikafia majini ikiwa imesimama. Ni huzuni kuitazama, lakini kwa besi ni makao ya kutosha. Huyu ni samaki wa kuvizia. Hukaa kwenye kivuli, kichwa kikitazama nje, na hukurupuka mita moja au mbili kumeza kinachopita. Gogo humpa kivuli, humpa mahali pa kuegemea, na krefishi hujificha kwenye mizizi yake. Krefishi, yule kamba mwekundu wa Louisiana aliyeingizwa Naivasha mwaka 1970, ni chakula kikubwa cha besi hapa, kwa hiyo palipo na krefishi pana sababu ya kusimama.

Kina katika eneo hili kwa sehemu kubwa ni mita 1 hadi 3. Miti ni mingi mno, na hapo ndipo wapelelezi wengi hupoteza asubuhi yao: huingia katikati ya msitu wa miti mikavu na kurusha chambo kila shina. Usifanye hivyo. Wakati maji yanashuka, pita nje tu, ukiwa umeacha mita 10 hadi 15 kati yako na safu ya mwisho ya miti, na uchague shina lenye mambo mawili kati ya haya: limeanguka na matawi yake yako chini ya maji, limejitenga na mengine, liko kwenye kona ambapo safu ya miti inapinda, chini yake ni pagumu. La mwisho ndilo linalosahaulika. Shina zuri lililosimama kwenye tope laini mara nyingi ni tupu, na shina baya kwenye changarawe lina samaki. Jinsi ya kujua ugumu wa chini tutaieleza kwenye vifaa.

Kwa chambo, hapa panataka kitu kisichonasa: mnyoo wa mpira wa sentimita 15, ncha ya ndoana ikiwa imefichwa ndani ya mwili wake, na chubwi (kizito cha kuzamisha uzi) ya gramu 5 hadi 7 yenye umbo la risasi mbele yake. Uzi usiwe chini ya milimita 0.35. Ukitumia mwembamba zaidi, besi wa kilo moja atazunguka tawi mara moja na kukukatia. Rusha upite shina kwa mita moja, uache mnyoo uzame hadi uzi ulegee, kisha uuvute kwa kuinua fimbo polepole. Mara nyingi samaki hugonga wakati mnyoo unazama, na dalili yake pekee ni uzi kusogea pembeni. Anayesubiri kuvutwa mkono atasema eneo ni tupu ilhali ameshaguswa mara nne.

Ubaya wa kusini ni mwingi kuliko wa kreta. Kuna visiki vilivyokatika sentimita 20 chini ya uso wa maji, na hivyo ndivyo huvunja propela. Injini ndogo nyingi za zamani zina pini ya propela inayokatika ili kuokoa gia. Beba pini mbili za akiba na plaisi. Injini kubwa zina bushi ya mpira badala ya pini, na ikishaachia, injini italia lakini boti haitasogea kama kawaida. Hapo rudi kwa mwendo wa chini kabisa. Kuna nyavu za wavuvi, zilizotambulishwa kwa chupa za plastiki zinazoelea. Hizo zizunguke kwa mbali, kwani ni mali ya watu, na besi aliye karibu na wavu hakuambii chochote cha kudumu. Na kuna viboko. Alfajiri wanarudi majini kutoka malishoni, na mchana hupenda maji ya kimo cha kifua ambayo ndiyo hasa maji ya migunga. Acha mita 50 au zaidi, usikae kati yao na maji ya kina, na ukiona mfululizo wa mapovu ukija upande wako, ondoka kwanza, ndipo uulize ni nini.

Kreta ya Crescent Island

Kisiwa hiki, chenye umbo la mwezi mchanga, ni ukingo wa volkano uliobaki juu ya maji, na kihori ndani ya mwezi huo ndicho chenye kina kirefu zaidi ziwani. Wakati sehemu kubwa ya Naivasha ina mita 4 hadi 6 tu, hapa chini hupotea ghafla. Ukitazama ramani utashawishika kudhani kwamba besi wakubwa wako chini kule. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Ziwa kubwa, kwa kuwa ni la kina kifupi, huchanganywa na upepo karibu kila siku. Kreta haichanganyiki hivyo. Maji yake ya juu hupata joto na kuelea juu ya yale mazito ya chini, na yale ya chini hubaki na oksijeni kidogo sana. Samaki hawakai huko. Mashine ya kuonyesha samaki ikikuonyesha vitone kwenye mita 12, usikae hapo dakika 30 ukiteremsha chambo. Inaweza kuwa mapovu ya gesi yakitoka kwenye tope. Fuata mdomo wa kreta: ule ukanda ambapo chini hutoka mita 2 hadi 6 ndani ya umbali mfupi, penye mawe. Hapo besi ana kina cha kukimbilia, jiwe la kuegemea na krefishi chini ya jiwe.

Faida kubwa ya kreta kwa mpelelezi ni uthabiti. Mawe hayahami. Alama uliyoweka kwenye simu Februari itakuwa palepale mwakani, na kinachobadilika ni kina cha maji juu yake tu. Tena ziwa likichafuka mchana, kisiwa chenyewe hukupa upande wa kujikinga, upepo utoke utokako. Ubaya wake ni kwamba hujibu polepole. Kusini, mizunguko mitatu ya shina inakupa jibu. Hapa unaweza kupita mita 200 za mwamba bila kuguswa na bado pakawa pazuri saa nyingine ya siku. Anayekuja na saa mbili tu, na hana mashine ya kupima kina, atatoka kreta bila habari.

Chambo cha hapa ni tofauti kabisa. Chubwi ya gramu 10 hadi 14 ili mnyoo ufike chini na ukae chini, au jigi yenye manyoya ya rangi ya kahawia na wekundu kidogo, mfano wa krefishi. Iburute, usiirukishe. Uzi wa milimita 0.30 unatosha kwa kuwa hakuna matawi, lakini upapase kwa vidole sentimita 50 za mwisho kila baada ya kurusha mara kumi: mwamba wa volkano huusugua hadi ukawa kama uzi wa katani, na hukatika kwa mvuto wa kwanza wa nguvu. Kutua kisiwani hulipiwa kiingilio, kwani ni hifadhi ya watu binafsi. Kwa kazi hii huna haja ya kutua.

Mafunjo ya kaskazini

Kwa ufupi, hapana, isipokuwa kwa sababu maalumu. Malewa na Gilgil huingiza tope, na besi huwinda kwa macho. Karpu, waliojitokeza ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutibua chini na kuongeza uchafu. Zaidi ya hayo, kuna jambo moja linaloharibu upelelezi wowote: ukingo wenyewe hutembea. Vipande vya mafunjo hukatika na kuelea kama visiwa, na gugu maji, lililoonekana Naivasha mwaka 1988, hujikusanya kwa mikeka inayosukumwa na upepo. Njia uliyoingilia saa tatu asubuhi inaweza kuwa imezibwa saa saba mchana, na alama uliyoweka kwenye ukingo wa mafunjo itakuwa katikati ya maji wazi wiki ijayo. Viboko ni wengi na huwaoni mpaka umewafikia.

Sababu maalumu ni hii: siku chache baada ya mvua ya kwanza, pale maji ya tope ya mto yanapokutana na maji safi ya ziwa huwa kuna mstari unaoonekana kwa macho, na vidagaa hujipanga kwenye mstari huo. Besi hukaa upande wa maji safi. Mstari huo ukiuona, ufuate kwa nje ukiwa na chambo chenye visahani vinavyozunguka. Lakini hiyo ni habari ya kutumia siku hiyohiyo, haifai kuwekwa akiba.

Boti, kayaki au miguu

Kwa anayepeleleza, boti ya kukodi yenye nahodha wa hapo inashinda, hata kama wewe ni mpiga kasia hodari. Unalipia kichwa cha nahodha zaidi ya injini: anajua visiki viko wapi, nyavu zimetegwa wapi jana, na viboko wamehamia wapi. Kubaliana mambo manne kabla ya kupanda: bei ni ya saa au ya nusu siku, petroli iko ndani ya bei au la, atazima injini na kutumia kasia mkiwa karibu na miti, na majaketi ya kuokolea yapo ya kila mtu. La tatu ndilo linalozua ugomvi. Manahodha wengi wamezoea watalii wa kutazama ndege na viboko, na mwendo wao ni wa kutoka kivutio hadi kivutio. Mweleze mapema kwamba mtakaa mahali pamoja dakika 20 bila kufanya lolote la maana machoni pake. Injini ya nguvu za farasi 15 ikifunguliwa yote hunywa takriban lita 6 kwa saa, ikienda polepole ni chini ya nusu ya hapo. Mtu anayepanga kusini na kreta siku moja anahitaji tangi lililojaa.

Kayaki ni nzuri kwa kitu kimoja: ukimya. Inafika kwenye shina bila samaki kujua. Lakini Naivasha, kayaki peke yake kwenye maji ya kifua penye viboko si ushujaa. Hata kwenye kreta, upepo ukianza unaweza kukuzuia kurudi. Kama ni lazima uje nayo, iwe kreta tu, asubuhi tu, na muwe wawili. Ile ya kupuliza usiipeleke kwenye migunga kabisa. Miiba iko hadi chini ya maji.

Kutembea ufuoni ndiyo njia ya bei nafuu na isiyokupa habari nyingi. Sehemu kubwa ya ufuo ni mashamba ya maua, hoteli na nyumba za watu. Pale panapofikika, alfajiri, saa ambayo samaki wako karibu, ndiyo saa viboko wanapita njia zao kurudi. Ukiamua hivyo, tumia fuo za kutulia boti kama Karagita au Kamere jua likiwa limeshatoka, na uongee na wavuvi wanaposhusha samaki. Tazama tumbo la besi anapopasuliwa. Maganda mekundu humo yana maana kwamba amekula krefishi, yaani karibu na chini, mawe au mizizi. Vifaranga vya tilapia vina maana ya nyasi na maji mafupi. Nusu saa ya kutazama hivyo ni bora kuliko saa mbili za kurusha chambo kutoka ufuoni.

Vifaa vya upelelezi vinavyotofautiana na vya kuvua

Mashine ya kuonyesha kina, kama ipo, ni nzuri kwa kreta na haina faida kubwa kusini, ambako macho na mkono yanatosha. Asiyekuwa nayo atumie chubwi. Funga chubwi ya gramu 20 hadi 30 kwenye uzi usionyumbuka, bila ndoana, irushe, iache ifike chini, kisha iburute taratibu huku kidole cha shahada kikigusa uzi. Changarawe na mwamba hugonga kidoleni, tiki, tiki, tiki. Tope huvuta bila sauti, uzito uleule mwanzo hadi mwisho, kama mwiko ndani ya ugali unaokaribia kuiva. Mzizi au tawi hukaza, hukaza, kisha huachia ghafla na uzi ukalegea. Magugu hukaza, kisha huja pamoja na chubwi. Rusha mara tano kuzunguka sehemu moja na utakuwa na picha ya chini ambayo hakuna aliyekuambia.

Uwazi wa maji pima kwa sahani. Chukua sahani nyeupe ya plastiki ya upana wa sentimita 20, itoboe katikati, pitisha kamba, na ufunge bolti nzito chini yake ili izame ikiwa imelala. Piga fundo kwenye kamba kila sentimita 25. Ishushe upande wa kivuli wa boti hadi ipotee machoni, hesabu mafundo; ipandishe hadi ionekane tena, hesabu; chukua wastani. Isipofika fundo la pili, yaani nusu mita, tumia chambo kikubwa cheusi au chenye kelele na usogee karibu kabisa na shina. Ikipita mita moja, tumia rangi za kijani na kahawia, na urushe kutoka mbali kwa sababu naye anakuona. Ukipima upande wa jua mng'ao utakudanganya kwa fundo zima.

Ndoana zenyewe zikate ncha kwa plaisi, au zifunike kwa kipande cha mpira. Hili huwashangaza wengi. Siku ya upelelezi unataka kujua kama anagonga, humhitaji ndani ya boti. Samaki aliyenaswa Februari na kupiganishwa dakika tatu huenda asigonge tena utakaporudi, na dume anayelinda mayai ukimwondoa kwenye kiota, hata kwa dakika chache, tilapia wadogo watakula mayai. Akigonga mara moja, pengine mbili, weka alama na uondoke. Kwa ndoana isiyokatwa ncha nasa mmoja tu kwa kila eneo, ili ujue ukubwa.

Leseni ya uvuvi wa burudani ulizia kwenye ofisi ya uvuvi Naivasha kabla ya siku yenyewe, na uulize hapohapo kama ziwa liko wazi na ni sehemu gani zimetengwa kwa mazalia. Viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi) ya ufuo utakaoanzia nao wanajua mipaka hiyo kwa macho.

Kuipanga siku

Ondoka Nairobi saa kumi alfajiri. Barabara ya juu kupitia Limuru na Kinungi ina ukungu mzito saa hizo. Ya chini kupitia Mai Mahiu ina malori yanayotambaa kwenye mteremko. Kwa anayekwenda kusini ya chini ni ya moja kwa moja zaidi, na ukiwa na kayaki juu ya gari, punguza mwendo kwenye kona za mteremko ambako upepo hukamata vifaa vya juu. Pakua ramani ya simu ukiwa bado na mtandao mzuri, na ufunge simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza, uwe kwenye mstari wa nje wa migunga. Dakika 20 kwa kila kituo, vituo sita hadi saba, ukianza na kona na miti iliyoanguka. Kituo ambacho samaki hakugonga wala hakina changarawe kifute kabisa. Chenye changarawe ila samaki hakugonga kiandikie alama ya kuuliza. Saa nne hivi, kabla upepo haujaanza, vuka kwenda kreta ukiwa na jua juu na miwani isiyopitisha mng'ao, ili uone mwamba unavyoshuka. Baada ya saa sita upepo kwa kawaida huwa umeshika na mawimbi ya ziwa hili, kwa kuwa ni la kina kifupi, ni mafupi na ya kusimama. Boti ndogo hupigwa ubavuni.

Aliye na saa tatu tu afanye kusini peke yake na asivuke. Aliye na mashine ya kina na nia ya kurudi mara nyingi mwaka huu aanze na kreta, kwa sababu alama zake zitadumu. Mwenye watoto au mgeni ndani ya boti akae upande wa kreta pia, mbali na visiki na viboko vya migunga. Na ikiwa siku mbili kabla ya safari yako mvua kubwa imenyesha Kinangop, upande huohuo wa Nyandarua, mpigie nahodha umuulize jambo moja tu: maji ya upande wa Karagita yamebadilika rangi? Akisema bado, nenda kama ulivyopanga. Akisema yameanza kuwa ya kahawia, geuza mpango: kreta asubuhi, kisha mstari wa ndani wa migunga, ule ulioupita bila kuutazama wakati maji yalikuwa yanashuka.